Kura za Kumpokea Waziri

Shangazi yangu ni mfupi kiasi kwamba akisimama nyuma ya mteja aliyekaa kwenye kiti cha kawaida, yeye humwoni kabisa. Unaona vidole tu vikitembea kichwani mwa mtu kama vina shughuli zao binafsi. Ndiyo maana wateja huwakalisha chini, kwenye kigoda, katikati ya magoti yake, na ukishakaa pale hutoki mpaka yeye aseme umetoka. Mtaa mzima unamwita Sumaku. Kuna mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa uzazi kichwa kikiwa kimebaki mistari ya nyuma. Inasemekana Shangazi alimwambia, "Subiri kidogo, tunamalizia," na inasemekana mtoto akasubiri. Sikuwepo, lakini huyo mtoto namjua, na mpaka leo ni mvumilivu ajabu.

Sebule yake ndiyo saluni. Pana kochi lililokuwa jeupe kabla halijakutana na mafuta ya nywele, kioo chenye ufa kinachompa kila mteja pua mbili, birika la maji ya moto la kuchovya ncha za rasta zisifumuke, na chanuo lenye mkia mrefu ambalo hakuna anayeruhusiwa kuligusa, hata mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mumewe, mlinzi wa ghala la saruji, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kutokea kisimani. Sote tunamwita Mlinzi, na ukimtazama akiwa na rungu lake unaona jina limempata mtu wake. Mimi ninakaa kwao, chumba cha uani, tangu nilipoachana na chuo kikuu kwa amani bila hata mmoja wetu kulia, kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, mengine kupitia dirisha.

Sasa, kabla hajagusa unywele hata mmoja, Shangazi huweka kiganja kwenye kisogo cha mteja na kusubiri. Anasubiri shingo ilegee. Anasema mdomo ni msemaji wa serikali, kila siku hali ni shwari. Shingo ndiyo mwananchi. Mtoto akiletwa na mama yake asukwe mistari ya kukaza mpaka macho yawe kama ya paka, Shangazi hushika ile shingo ndogo, kisha humwambia mama, "Huyu leo atasukwa mabutu manne makubwa. Ukitaka macho ya paka, nunua paka." Na jambo moja alilojivunia kuliko yote ni kwamba hajawahi kumwacha mtu na kichwa nusu. Umeme ukikatika, atawasha mshumaa. Mvua ikivuja, kigoda kitahamishwa na mtu akiwa juu yake.

Huyo ndiye mtu aliyeombwa amchukue Waziri.

Waziri alikuwa rotwaila wa jirani yetu wa nyuma, Fundi Saa, mzee mjane aliyetumia maisha yake yote akiinamia vitu vidogo kuliko punje ya mchele na akaona afuge mnyama mkubwa kuliko meza yake. Mwanawe alimletea mbwa huyo akiwa bado wa kubebwa, baada ya wezi kuingia na kubeba saa zote zilizokuwa zinatembea, wakamwachia zilizosimama. Jina alimpa mzee mwenyewe. Alisema mbwa ni mnene, amevaa nyeusi, anakula vizuri, na hakuna mtu anayejua hasa kazi yake, kwa hiyo jina lingine lingekuwa uongo. Kichwa kama ndoo, kifua kama kabati, na juu ya macho madoa mawili ya kahawia kama nyusi, kiasi kwamba akikutazama unajisikia umechelewa kuleta taarifa.

Sifa za rotwaila zilifika mtaani kwetu kabla ya rotwaila mwenyewe. Kila mtu alikuwa na binamu wa rafiki aliyetafunwa mahali fulani. Muuza mkaa aliapa kwamba taya zao zikifunga hazifunguki mpaka radi ipige. Hakuna aliyejua nani kapima.

Macho ya Fundi Saa yakaanza kufifia. Binti yake akaamua ahamie kwake, ghorofani, kwenye jengo ambalo mnyama pekee anayeruhusiwa ni mende, kwa sababu hawaombi ruhusa. Mzee akaja kwenye uzio wa waya unaotenganisha nyua zetu, mbwa akiwa amekaa juu ya miguu yake, akamwita Shangazi aliyekuwa anamwaga maji.

"Binti yangu, nakuomba umchukue huyu."

"Mzee, mimi? Mimi na huyu tukisimama pamoja, watu watauliza nani anamfuga mwenzake."

"Wewe ndiye pekee anayekuletea shingo. Wengine anawaletea meno."

Hilo lilikuwa kweli. Kila asubuhi Waziri alisogea uzioni, naye Shangazi kwa mazoea ya kazi alipitisha mkono kwenye tundu la waya na kuweka kiganja kisogoni pa mbwa, akasubiri. Shingo ile nene ililegea mpaka mate yakadondoka.

"Amewahi kung'ata mtu?" Shangazi akauliza.

Mzee akamtazama mbwa. Mbwa akamtazama mzee.

"Huyu? Ni mtoto tu."

"Na nikikataa?"

Fundi Saa akasafisha koo. "Kuna daktari wa mifugo. Anasema sindano haiumi. Sijui yeye kaijaribu lini."

Shangazi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atawauliza watu. Na hapa nataka nimsifu kabla sijamcheka, kwa sababu zamu ya kumcheka inakuja. Watu wengi wakitaka kufuga mnyama wa kutisha, humleta kwanza, wakabandika getini "Mbwa Mkali" na kwenda kulala, kama vile kubandika ni kuomba ruhusa. Shangazi alisema, "Watu wanakuja kwangu, wanakaa chini, wananipa kichwa, na nyuma yao hawaoni. Siwezi kuwaletea mnyama kama yule bila wao kuridhia." Nionyeshe kiongozi anayefikiri hivyo kuhusu waliomkalia chini.

Basi kura ikaanza.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mwanamke mrefu anayefundisha hesabu na anayetaka mistari iliyonyooka kama daftari lake. Shangazi alikuwa ameshika fungu la nywele juu ya sikio.

"Mwalimu, unaonaje? Nimchukue yule mbwa wa mzee?"

"Mbwa? Eh... si mnyama tu. Mchukue."

"Hutaogopa kuja?"

"Aii! Hapana! Kwani ataniuliza jedwali la kuzidisha?"

"Mbona shingo imekaza?"

"Umevuta sana, dada."

"Samahani." Shangazi akalegeza kidole, akahesabu kura: ndiyo.

Wa pili ni Keshia wa duka kubwa la njia panda, msichana mcheshi anayejua siri za mtaa wote kwa kuangalia watu wananunua nini. Yeye alisema mbwa ni rafiki wa binadamu, akalisema kwa sauti ya mtu anayesoma kibao. Ndiyo. Wa tatu ni Muuguzi wa zahanati.

"Mchukue, Sumaku. Wanawake tunahitaji ulinzi."

"Nina Mlinzi ndani."

"Ndiyo maana nikasema tunahitaji ulinzi."

Wakacheka mpaka birika likatikisika. Ndiyo nyingine.

Akabaki Mlinzi mwenyewe. Shangazi ndiye anayemnyoa mumewe, uani, kwa wembe wa zamani wa kukunja. Povu lilikuwa limejaa upara, wembe umetua juu ya sikio la kushoto.

"Mume wangu, tumchukue Waziri?"

"Wewe ukiona ni sawa, na mimi naona ni sawa."

"Nakuuliza wewe, siyo mimi."

Wembe ukasogea kidogo kuelekea utosini.

"Sawa! Sawa kabisa! Mbona unauliza sana?"

Hivyo Waziri alipita kwa kishindo, bila kupingwa, matokeo ambayo mahali pengine yangefanya waangalizi wakohoe. Shangazi akamwambia Fundi Saa kwamba kabla ya neno la mwisho, mbwa aje akae kwetu kwa majaribio wakati mzee anafunga mizigo. Akaja na bakuli lake na gunia lake la kulalia, akakagua uani, akakojolea kisiki, akalala. Ofisi ikawa imefunguliwa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mlinzi amesimama nje ya geti lake mwenyewe, na sare yake, na rungu lake, simu sikioni.

"Ndiyo bosi... ndiyo... hapana bosi..."

Simu ilikuwa imezimwa. Niliona kioo cheusi. Mtu aliyekesha akilinda saruji alikuwa anasubiri mbwa asinzie ili aingie kwake kunywa chai. Nikafungua, nikapita naye ubavuni kama ninamvusha bibi barabara, na wala hatukulizungumza. Wanaume tuna heshima zetu.

Kisha mtaa wote ukawa na shughuli kwa ghafla. Muuguzi akatuma ujumbe kwamba amepangiwa zamu. Mwalimu alikuwa na mitihani ya kusahihisha, ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Mama wa yule mtoto mvumilivu aliamua kuvaa kilemba, akasema kimemkaa vizuri, atakivaa mpaka kichakae. Shangazi alikaa sebuleni na chanuo lake, akanyoosha mafungu ya rasta yaliyokwisha nyooka. "Ni msimu," akasema. Hatuna msimu wa watu kuacha kuwa na nywele, lakini nikampa fungu lingine anyooshe.

Aliyekuja ni Keshia. Kwa hilo nampa heko. Alikuja, akakaa kigodani, akapiga soga kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Waziri alikuwa amefungiwa uani, lakini mlango wa uani ulikuwa na komeo la aina ile inayofanya kazi kwa kuheshimiwa tu. Ukilisukuma kwa kichwa kama ndoo, linaanza kukuheshimu wewe. Upande mmoja wa kichwa cha Keshia ulikuwa tayari, mistari safi. Upande wa pili ulikuwa umechambuliwa na kusimama kama shamba lililosubiri mvua. Waziri akaingia, akavuka sebule kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kikao, akaweka kidevu mapajani kwa Keshia na kushusha pumzi.

Keshia akanyamaza katikati ya neno.

"Dada Sumaku."

"Ee."

"Kuna kitu mapajani."

Shangazi akachungulia kwa juu ya kichwa. "Ni Waziri tu. Anakusalimia."

"Mwambie nimeitika."

Shangazi akacheka, akamfukuza mbwa kwa kidole kimoja, naye akatoka bila kinyongo. Kisha akaweka kiganja kisogoni pa Keshia ili waendelee, na kicheko kikamkauka. Shingo ilikuwa mti, na mti ule ulikuwa unatetemeka. Kabla hajasema neno, Keshia alisimama. Hakuna mtu aliyewahi kusimama pale bila kuambiwa. Alichukua kitambaa cha kochi, akakizungusha kichwani, akasema "nitarudi" kwa sauti ya mtu asiyerudi, akatoka na kandambili moja.

Shangazi alibaki amekaa na magoti yamefunguka, katikati yake kigoda kitupu.

"Kichwa nusu," akasema. "Kichwa nusu, mwanangu! Kimetoka kwangu!"

Usiniulize kuhusu chakula cha siku hiyo. Hakikupikwa.

Kesho yake akaenda dukani, nami nikamfuata kwa sababu alisahau kunikataza. Keshia alikuwa kwenye mashine yake, kitambaa chetu cha kochi bado kichwani, kwa kuwa kila msusi mwingine alikataa kumalizia kazi ya Sumaku. Ni kama kumalizia sentensi ya mtu mwingine. Utaambiwa uliiharibu wewe. Nyuma yetu kulikuwa na foleni.

"Uliniambia nimchukue," Shangazi akasema. "Nilikuuliza kwa kinywa changu."

"Dada, ulikuwa umenishika nywele!"

Foleni ikasogea karibu kwa hamu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu akikaa pale chini anakubali kila kitu! Uliposema yule mchumba wangu ana macho ya mkopo, nilikubali. Uliposema rangi hii ya rasta inanipendeza, nilikubali. Mimi rangi hii siipendi hata kidogo, na nimeivaa mwaka wa pili huu!"

"Rangi ya damu ya mzee? Huipendi?"

"Siipendi!"

"Hata mimi ningesema ndiyo," akadakia mwanamume mmoja aliyekumbatia mkate. "Kinyozi wangu namkubalia hata siasa."

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Hawakusema kwamba inategemea umeshika nini wakati unauliza. Shangazi alitoka pale mdogo kuliko alivyoingia, na hakuwa na cha kupoteza upande huo. Njiani alikuwa anarudia maisha yake yote kwa sauti ya chini. "Waliposema naimba vizuri... Waliposema yule binti yangu alipata mume wa maana... Hata kochi! Mwanangu, kochi langu ni zuri?" Nikamwambia kochi ni baya sana. Akanishukuru. Nafikiri ndiyo siku niliyompenda zaidi.

Mtu mwingine angenuna. Angesema wateja wanafiki, mbwa namchukua, asiyetaka akasukwe kwingine. Au angemrudisha mbwa usiku huohuo na kusema Mungu hakupanga. Shangazi aliosha uso, akavaa viatu vya kutokea, akaanza kuzunguka kupigisha kura upya, safari hii akiwafuata watu walipo, mikono ameifunga nyuma mgongoni kama askari aliyekamatwa. Kila mlango alianza na maneno yaleyale: "Lolote utakalosema, nywele zako nitasuka vilevile."

Mwalimu alimkaribisha kiti, akavua miwani.

"Basi nikwambie kweli. Nilipokuwa mdogo mbwa walinizingira njiani. Nilipanda ukuta, nikakaa juu mpaka jua likazama. Watu walipita, wakacheka. Sitakuja kwako akiwepo, dada. Nakupenda, lakini sitakuja."

"Hata nikimfunga?"

"Hata ukimfunga. Nitamsikia akipumua."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Hakumbembeleza, wala hakumwambia kwamba Waziri ni tofauti, na kama umewahi kukutana na mtu mwenye mbwa unajua hilo ni tendo la kishujaa.

Muuguzi alikutwa zahanati, anafunga bandeji.

"Mimi mbwa simwogopi," alisema. "Namwogopa mwenye mbwa anayesema 'hajawahi kung'ata'. Watu wote niliowashona hapa, mbwa alikuwa hajawahi. Hata yule aliyepoteza nusu ya sikio, mbwa alikuwa hajawahi. Ulimuuliza mzee?"

"Nilimuuliza. Alisema ni mtoto tu."

"Mbwa alikuwa wapi?"

Shangazi akafikiri. "Amemkalia miguuni."

"Na wewe unategemea mtu amseme mbwa aliyemkalia miguuni?"

Kwa hiyo akaenda kwa Fundi Saa, bila Waziri. Mzee alikuwa kati ya makasha, anafungasha saa zake kwenye magazeti kama anavisha watoto wachanga. Shangazi hakukaa.

"Mzee wangu, nakuuliza tena, na hapa tuko wawili. Amewahi kung'ata?"

Fundi Saa alimaliza kufunga saa aliyokuwa nayo. Kisha akakunja mkono wa shati. Ni mzee ambaye sijawahi kumwona na mkono mfupi, hata jua likichemsha lami. Kovu lilianza karibu na kifundo na kupanda, limekunjamana kama karatasi iliyookotwa jalalani.

"Alikuwa anakula," akasema. "Sikumwona. Haya macho. Nilimkanyaga na kumwangukia, naye akang'ata kabla hajajua ni mimi. Alipojua, akaachia. Usiku kucha alikaa amegeukia ukuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningeweza kukataa," Shangazi akasema. "Hiyo ilikuwa haki yangu, mzee."

Mzee akalia, bila sauti, na Shangazi akamwacha alie. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kisha akamsaidia kufunga saa zilizobaki, kwa sababu hasira yake haijawahi kumzuia kufanya kazi ya mikono.

Jioni alikaa uani kwenye kigoda, na Waziri akaja kumpa shingo kama kawaida. Kiganja kikatua. Shingo ikalegea, mate yakatiririka. Nilikuwa dirishani, nikijua ataamua sasa, maana maisha yake yote ameamini kiganja kile kuliko cheti chochote.

"Shingo yako inasema kweli," akamwambia mbwa. "Lakini inasema ya leo. Ya kesho, mtu akikukanyaga, hata wewe mwenyewe huijui."

Akanyanyuka, akaingia jikoni kwa mumewe. Mlinzi alikuwa anajiandaa kwenda kazini, anafunga kamba za buti. Shangazi akakaa mbele yake, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, wazi.

"Nimekuuliza vibaya siku ile. Nakuuliza upya. Unamtaka huyu mbwa hapa?"

Mlinzi akaitazama ile mikono, kisha akamtazama mkewe, kisha akatazama buti.

"Namwogopa."

"Tangu lini?"

"Mbwa? Tangu nizaliwe."

"Tumeoana miaka yote hii hujaniambia!"

"Hukuwahi kuuliza ukiwa huna kitu mkononi."

Shangazi akameza hilo. Lilipita kwa shida, niliona.

"Basi nimwambie mzee hapana. Wewe ndiye unayeishi hapa. Sitakufanya usubiri nje ya nyumba yako." Kumbe simu iliyozimwa alikuwa ameiona.

Mlinzi akafunga kamba ya buti la pili, taratibu. Yule mbwa tulikuwa tunamsikia mlangoni, akikuna sikio, bomu la nywele nyeusi lisilojua kwamba uhai wake umewekwa mezani kati ya kikombe na chumvi.

"Hata wezi nawaogopa," akasema hatimaye. "Kila nikitoka kwenda kazini nawaogopa. Sijaacha kazi."

"Hilo ni ndiyo au ni hapana?"

"Ni kwamba naogopa, na mchukue. Lakini mlango wa uani uwe wa chuma. Na chakula chake asipewe mahali watu wanapita. Na mimi msinicheke."

"Nani kakucheka?"

"Huyo hapo dirishani."

Nikaondoka dirishani.

Fundi wa kuchomelea akaja, akaweka mlango wa nondo wenye komeo lisilotegemea heshima. Bakuli la Waziri likahamia kona ya mwisho, nyuma ya tangi la maji, ambako huwezi kumkanyaga hata ukiwa kipofu na mlevi kwa pamoja. Ukanunuliwa mkanda wa kufunga mdomo kwa siku za kutoka nje, na mara ya kwanza alipovishwa alitutazama kwa zile nyusi kama waziri aliyesikia ametenguliwa redioni. Keshia alifuatwa kwake, kichwa kikamaliziwa upande wa pili, kwa rangi aliyoichagua mwenyewe. Sasa upande mmoja ni rangi ya damu ya mzee na wa pili ni kahawia, na kwa sababu ametoka kwa Sumaku, wasichana watatu wameomba wasukwe hivyohivyo. Muuguzi amerudi. Mama wa kilemba hajarudi, na harudi. Tumemwona akitoka saluni ya barabara ya pili, mistari imepinda, lakini roho imetulia. Mwalimu husukwa nyumbani kwake. Kila anapohitaji, Shangazi anashika njia na kigoda kichwani, chanuo kiunoni, anapanda kile kilima akihema, na hajawahi kumwambia Mwalimu kwamba kilima ni kirefu. Kazi ile humpotezea nusu nzima ya asubuhi kila mara, kwa kuheshimu hofu ya mtu aliyekaa ukutani utotoni. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu haki mpaka ukurasa wa katikati. Hakuna nilipolikuta jambo hilo.

Siku ya kuondoka kwa Fundi Saa, gari la binti yake lilisimama getini, injini ikiunguruma. Mzee, aliyekuwa ameomba Waziri alale kwake usiku wa mwisho, akatoka naye kwenye mnyororo. Shangazi alimsubiri barabarani, Mlinzi akiwa hatua kadhaa nyuma yake, ametoka kazini hajavua sare.

"Mzee," Shangazi akasema, "sikiliza kabla hujanipa. Namchukua nikijua amekung'ata. Atakula peke yake, atafungwa watu wakiwepo, akitoka nje atavaa mkanda mdomoni. Nimefanya yote ninayoyajua. Akija kumng'ata mtu na hayo yote, nitampeleka mimi mwenyewe kwa yule daktari wa sindano, nitamshika shingo mpaka mwisho, na sitakupigia simu kukuomba ruhusa. Unakubali?"

"Nakubali."

"Mbwa hayuko miguuni pako?"

Mzee akatazama chini. Waziri alikuwa amesimama pembeni, ananusa gurudumu. "Hayupo."

"Basi nipe."

Akamkabidhi mnyororo. Akainama, akamnong'oneza mbwa jambo ambalo halituhusu, akaingia garini na binti yake akafunga mlango.

Gari lilipoanza kuondoka, Waziri aliinua kichwa. Akaelewa. Akalifuata, kwa kifua chote kile cha kabati, na Shangazi yangu, ambaye ukimweka nyuma ya kiti humwoni, akaenda naye. Viatu vyake vya kutokea vikachora mistari miwili mchangani. Watu wakatoka milangoni. "Mwachie, Sumaku!" mtu akapiga kelele. "Atakuvunja mikono, mwachie!" Hakumwachia. Alikuwa anamwita kwa sauti ya chini, sauti ileile anayowaambia wateja wamebakiza kidogo, huku anaburuzwa kama gunia.

Ndipo Mlinzi alipotupa rungu chini. Alikimbia, macho ameyafumba nusu, akaukamata mnyororo nyuma ya mkewe, mbali na mbwa kadiri mnyororo ulivyoruhusu, akakita buti zake barabarani. Mnyororo ukanyooka. Mbwa akasimama.

Gari likakata kona. Waziri alibaki ametazama pale kwenye kona, mbavu zikipanda na kushuka, na nyuma yake wale wawili wameshikilia, mmoja anahema, mwingine anatetemeka waziwazi mbele ya mtaa mzima.

"Mume wangu," Shangazi akasema bila kugeuka, "unaweza kuachia sasa."

"Hapana," Mlinzi akasema. "Tangulia. Tunaingia wote."